Inzi Kumi na Mmoja Kwenye Kopo la Siagi

Kopo lilifika mezani kwangu Alhamisi saa nne asubuhi, mdomo wake umefungwa kwa kipande cha khanga na mpira wa nywele. Ndani kulikuwa na spiriti ya rangi, ile ya duka la dawa, na humo wakielea inzi kumi na mmoja. Wachache walikuwa wazima. Wengine walibaki kifua na mabawa tu, na miguu yao ilikuwa imetuama chini ya kopo kama majani ya chai.

Aliyelileta ni mama mmoja mfugaji wa pembeni mwa Tengeru, upande wa juu wa barabara iendayo Moshi. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea ndorobo. Naomba uniandikie karatasi kwamba ni wao, nimwonyeshe mdogo wako aache kuegesha lile gari lake kando ya banda langu."

"Mdogo wangu" huyo ni kijana wake wa pili, dereva wa watalii. Kwa mwezi anakwenda Tarangire safari nne au tano, na anaporudi usiku huegesha gari hatua chache kutoka kwenye banda la ng'ombe, kwa sababu ndipo penye taa. Asubuhi anapofungua milango ili aoshe gari, inzi wanaruka kutoka chini ya viti. Mama aliona hivyo mara mbili. Wiki mbili baada ya mara ya pili, ng'ombe wake mmoja, mtamba chotara wa Friesian, alianza homa, akaacha kula, akakonda, akawa anahema kwa shida. Mtu mmoja wa jirani anayeuza dawa za mifugo alisikia habari ya inzi wa kwenye gari, akasema hiyo ni nagana, haina mjadala, akamchoma ile sindano ya maji ya njano. Siku ya sita mtamba akafa.

Sasa wa pili alikuwa ameanza homa. Ndiyo maana kopo lilifika.

Kitu cha kwanza nilichofanya hakikuhusu inzi kabisa. Nilimuuliza mama kama ng'ombe ana uvimbe mahali popote. Akaweka mkono chini ya sikio lake mwenyewe: "Hapa, kama limau." Nikampigia afisa mifugo wa kata palepale, nikamwomba aende leo, si kesho, akiwa na kipimajoto na slaidi. Utambuzi wa inzi unaweza kuchukua siku tatu. Ng'ombe mwenye tezi iliyovimba chini ya sikio na homa kali hana siku tatu za kukusubiri ugeuze miguu ya mdudu chini ya hadubini.

Mama akaondoka. Nikabaki na kopo.

Neno "ndorobo" ndilo lililoleta shida nyingi katika kisa hiki. Vitabuni wanaandika mbung'o, lakini huku kwetu Arusha ni ndorobo, na ndorobo kwa watu wengi ni inzi yeyote anayeuma. Ukiumwa na pange machungani, ni ndorobo. Ukiumwa kifundo cha mguu ukiwa umekaa karibu na zizi, ni ndorobo. Na ndorobo akishatajwa, ugonjwa umeshajulikana, dawa imeshajulikana, na hakuna anayemtazama ng'ombe tena. Mtu wa sindano ya njano hakuwa mjinga. Nagana ipo kweli, inaletwa na vimelea vya Trypanosoma, na ndorobo ndiye msambazaji wake mkuu. Alichofanya ni kuruka kutoka kwenye jina hadi kwenye dawa, na katikati hapo kulikuwa na hatua kama nane.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kutumia ufunguo wa utambuzi: ni orodha ya kauli mbilimbili zinazopingana. Unasoma jozi ya kwanza, unamtazama mdudu, unachagua kauli moja, nayo inakutuma kwenye jozi nyingine, mpaka ufike kwenye jina. Shule ya sekondari tulifundishwa kwa majani ya mti. Kwenye karatasi ni rahisi kama kuulizwa njia: pinda kushoto, nenda mpaka kanisani, pinda kulia. Tabu ni kwamba ukikosea kona moja, ufunguo haukuambii umepotea. Unaendelea kukupa majina kwa upole uleule.

Niliwatoa wote kumi na mmoja, nikawapanga kwenye karatasi ya chujio, nikaanza na maswali makubwa.

Mmoja alitoka mapema: inzi wa kawaida wa jikoni, mdomo laini wenye sponji chini, hawezi kuuma hata akitaka. Alikuwa ameingia koponi kwa bahati mbaya, kama yule mpita njia anayekamatwa kwenye msako.

Wa pili alikuwa bapa, kama amekanyagwa, ngozi ngumu, miguu imetanda pembeni kama ya kaa na kucha kubwa za kushikia manyoya. Huyo ni Hippobosca, yule inzi anayetambaa kinyumenyume kwenye mkia wa ng'ombe au shingo ya mbwa na ukimbana kwa kidole hapasuki. Namtaja kwa sababu moja: kwa ukoo yuko karibu na ndorobo kuliko walivyo wengine wote waliokuwa koponi, na wote wawili huzaa kwa namna moja ya ajabu. Jike hatagi mayai. Analea buu mmoja tumboni, anamlisha humohumo, anamzaa akiwa ameshakomaa, na buu hugeuka bundo (pupa) muda mfupi baada ya hapo. Kwa jike wa ndorobo hiyo ni takribani kila siku tisa au kumi, buu mmoja tu. Shika hesabu hiyo, nitaihitaji mbele.

Wa tatu alikuwa pange mdogo wa kijivu, Haematopota, mabawa yenye madoadoa kama ya kanga, vipapasio vimetokeza mbele kama pembe na havina ule unywele wa pembeni uitwao arista. Mapange hukata ngozi kama kisu, ndiyo maana damu huendelea kuchuruzika wakishaondoka.

Wakabaki wanane, wote wenye mrija mgumu umenyooka mbele ya uso. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nawaelewa. Inzi wa zizini, Stomoxys, ana mrija kama huo, anauma kama ndorobo, na wote wawili wana rangi za kijivu na kahawia. Lakini tazama mambo manne. La kwanza, palpi, zile fimbo mbili ndogo zinazoambatana na mrija: kwa ndorobo zina urefu sawa na mrija na huufunika kama ala ya kisu, kwa Stomoxys ni fupi, huzioni mpaka uzitafute. La pili, arista: ya ndorobo ina nywele upande wa juu, na kila unywele nao una vinywele vyake, kama unyoya wa kuku, ya Stomoxys ina nywele za kawaida tu. La tatu, bawa. Katikati ya bawa la ndorobo mishipa inazungusha eneo lenye umbo la shoka, na shoka hilo halina mfano kwa inzi mwingine yeyote. Bawa moja lililong'oka, lisilo na mwenyewe, linatosha kukuambia hapa palikuwa na ndorobo. La nne unaliona kwa inzi hai tu: akitua, ndorobo hulaza mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, wakati Stomoxys huyaacha yametengana.

Wanne walikuwa Stomoxys. Wanne walikuwa na shoka.

Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kwa inzi wanne kati ya kumi na mmoja. Ningeweza kuandika karatasi yake na kwenda kunywa chai. Lakini "ndorobo" bado si jina la spishi. Ukihesabu spishi na nususpishi pamoja, Glossina, yaani jenasi ya ndorobo, ni zaidi ya thelathini, na wote wako Afrika. Wamegawanyika katika makundi matatu: wa misitu minene, ambao wengi ni wakubwa, wa kandokando ya mito na maziwa, na wa nyika. Anayeishi nyikani hafanyi mambo kama anayeishi kando ya ziwa, na mtego unaomnasa huyu unaweza usimnase yule.

Wayo wa inzi, ile sehemu ya mwisho ya mguu, una vipingili vitano. Kwa kundi la mitoni, vipingili vyote vitano vya mguu wa nyuma ni vyeusi au kahawia iliyokolea. Kwa kundi la nyika, viwili vya mwisho tu ndivyo vyeusi, vitatu vya kwanza ni vyeupe-njano. Watatu kati ya wanne walikuwa na miguu ya nyuma, na wote watatu walikuwa wa nyika bila wasiwasi. Wa nne hakuwa na mguu hata mmoja. Nikamweka kando.

Jozi iliyofuata ndiyo iliyonikamata. Inauliza: vipingili viwili vya mwisho vya miguu ya mbele na ya kati, vina ncha nyeusi zilizo wazi, au havina? Ukiona ncha nyeusi, unaelekea kwa jamaa wa Glossina morsitans na Glossina swynnertoni. Usipoona, unaelekea kwa Glossina pallidipes, na jina lake lenyewe kwa Kilatini linamaanisha mwenye miguu iliyopauka.

Nilitazama. Sikuona ncha nyeusi. Nikaandika: Glossina pallidipes, watatu. Nikaandika na tarehe, nikapiga mhuri kichwani, nikaenda nyumbani.

Usiku nikiwa kitandani likanijia swali ambalo lilipaswa kunijia mchana. Pallidipes watatu, kutoka kwenye gari lililokuwa likitembea, Tarangire?

Hifadhi ya Tarangire, iliyoanzishwa 1970, iko kilomita zipatazo 120 kutoka Arusha ukishika barabara ya Dodoma na kuingilia Kwa Kuchinja. Ndorobo anayetawala pale ni swynnertoni. Pallidipes yupo, lakini ni mchache. Na kuna tabia pia. Swynnertoni huvutwa sana na kitu kikubwa kinachotembea, awe nyati, awe ngiri, iwe Land Cruiser, na wanaofuata gari kwa wingi huwa ni madume, wanaotafuta majike pale penye mnyama. Pallidipes ana hulka nyingine: huvutwa sana na harufu, na ndiye anayejaa kwenye mitego iliyowekewa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Kwa hiyo inzi watatu waliookotwa chini ya viti vya gari, wote wawe pallidipes? Inawezekana, kama inavyowezekana kukutana na watu watatu kutoka kijiji kimoja cha Mafia ukiwa kwenye daladala ya Ngaramtoni. Ila kwanza ungetaka kuona vitambulisho.

Asubuhi niliwarudia. Kosa nililiona kabla hata ya kuwasha taa. Nilikuwa nimewatazama wakiwa bado wamelowa. Mguu wa inzi ukilowa, nywele zake hulala na mwanga hupita ndani ya ngozi, ncha nyeusi inakuwa kivuli tu. Spiriti nayo hupausha rangi za wadudu kadiri siku zinavyokwenda, na hii ilikuwa na rangi yake yenyewe, iliyokuwa imeshapaka kila kitu uzambarau hafifu. Zaidi ya hapo, taa yangu ya siku ile ilikuwa ya njano. Ukimulika kahawia-njano kwa taa ya njano, unaomba kudanganywa.

Niliwakausha taratibu kwenye karatasi laini, nikahamia dirishani penye mwanga wa asubuhi, nikaweka kadi nyeupe chini yao. Wawili sasa walionyesha ncha nyeusi, hafifu lakini zilizo na mpaka, kwenye miguu ya kati. Miguu yao ya mbele haikuwepo, ilikuwa ndani ya kopo miongoni mwa majani ya chai. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, hakuwa na ncha hata baada ya kukauka. Basi: wawili wa upande wa swynnertoni, mmoja pallidipes kweli. Nikaichana karatasi ya jana.

Bado kulikuwa na swali kati ya swynnertoni na morsitans, ambao miguu yao haiwatenganishi. Wote wawili wana mikanda myeusi juu ya tumbo; ya swynnertoni imekolea zaidi na kingo zake ni kali. Hilo ni la kulinganisha, si la kupima, na kwa mdudu aliyepaushwa na spiriti sikuliamini jicho langu. Dume hana shida, maana ncha ya tumbo lake upande wa chini ina uvimbe wa mviringo, na ndani yake viungo vya uzazi ambavyo umbo lake hutofautiana kwa kila spishi. Lakini wawili wangu walikuwa jike mmoja, na dume ambaye tumbo lake lilikuwa limepasuka.

Nikampigia kijana, yule dereva. Nilimweleza ninachotaka: akitoka Tarangire safari ijayo, asimame nje ya lango, afunge vioo, akamate ndorobo wote anaoweza kwa chupa ndogo, awaache wafe wakiwa wakavu, awaweke kwenye viberiti vitupu na tishu, na juu ya kila kiberiti aandike mahali, tarehe na saa. Na asiwatie spiriti hata tone.

"Kaka, wageni watanishangaa."

"Waambie ni utafiti. Watakupa tipu zaidi."

Akacheka. Halafu akauliza kitu ambacho mama yake hakukiuliza: "Na mimi je? Wananiuma kila safari."

Hilo ndilo swali zito kuliko yote ya kisa hiki, na lilikuja kwenye simu, mwishoni mwa mazungumzo, kama la utani. Ndorobo wa nyika ndio hasa wanaobeba Trypanosoma brucei rhodesiense, anayeleta malale ya Afrika Mashariki kwa binadamu. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na Tarangire zikiwemo, walirudi kwao wakiwa na malale. Idadi kubwa ya ndorobo hawana kimelea chochote, na ukiumwa mara elfu huenda usipate kitu. Lakini dereva anayeumwa kila safari, mwaka hadi mwaka, ana nafasi zaidi kuliko mgeni wa siku tatu. Nilimwambia aangalie kidonda kigumu chekundu mahali alipoumwa, kinachotokea siku chache baadaye, na homa isiyoeleweka katika wiki zinazofuata. Na akienda hospitali na homa, aseme mwenyewe kwamba anafanya kazi hifadhini, asingoje kuulizwa. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, aombe damu itazamwe tena kwa hadubini. Kuhusu mavazi alinikatiza: "Buluu na nyeusi sivai, hilo hata wageni tunawaambia."

Turudi kwa ng'ombe. Afisa mifugo alifika Alhamisi ileile jioni. Joto lilikuwa nyuzi 41. Alitoboa tezi iliyovimba kwa sindano, akatandaza majimaji kwenye slaidi, na ilipotiwa rangi ndani ya chembe nyeupe za damu zilionekana zile hatua za kimelea cha Theileria zinazogawanyika. Ndigana kali. Inaletwa na kupe mwenye masikio ya kahawia, haina uhusiano wowote na inzi wa aina yoyote. Ng'ombe wa mama hawatoki bandani, na ndiyo maana hakuna aliyewaza kupe; lakini majani yao yanakatwa kandokando ya barabara wanapopita ng'ombe wa watu wengine, na kupe husafiri na majani. Dawa ya ndigana alipewa usiku huo, mapema ya kutosha. Amepona, ingawa maziwa yalichelewa kurudi.

Yule aliyekufa hakuna aliyemchukulia slaidi. Dalili alizonieleza mama, tezi na kuhema kwa shida, zinafanana na za ndigana kuliko za nagana, ambayo kwa kawaida huenda polepole: homa inakuja na kuondoka, damu inapungua, mnyama anakonda kwa wiki na miezi. Siwezi kwenda mbali zaidi ya hapo kwa mnyama aliyekwisha kuzikwa.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini gari lilikuwa limeegeshwa kando ya banda, na ndorobo wa kweli walikuwa wameruka kutoka ndani yake, kwa hiyo swali la mama lilistahili jibu lake lenyewe. Tulipima damu ya ng'ombe wote waliobaki mara tatu ndani ya wiki mbili, kwa kuizungusha kwenye mashine na kutazama tabaka jeupe linalokaa juu ya chembe nyekundu, mahali ambapo trypanosoma hujikusanya. Mara tatu kwa sababu vimelea hivi hupanda na kushuka kwenye damu, na kipimo kimoja kilicho safi hakimaanishi sana. Zote zilikuwa safi, na wingi wa damu ulikuwa wa kawaida.

Kisha tukatega. Mtego tuliotumia unaitwa Nzi, jina la Kiswahili kabisa ingawa aliyeubuni ni mgeni aliyefanya kazi Kenya: kitambaa cha buluu na cheusi, chandarua cheupe, na chupa juu. Uzuri wake hunasa ndorobo, mapange na Stomoxys kwa pamoja. Tuliuweka kati ya banda na mahali pa gari, tukaweka asetoni na mkojo wa ng'ombe, tukauacha siku saba. Walinaswa Stomoxys 146 na mapange sita. Ndorobo, hakuna.

Nilimwambia mama asilichukue hilo kama muhuri. Swynnertoni, kama nilivyosema, si mpenzi wa mitego iliyosimama. Mtego mtupu kwake una maana ndogo kuliko kwa pallidipes. Kwa hiyo kijana alitembea jioni mbili kuzunguka shamba akiwa na kitambaa cheusi na buluu mgongoni, jirani zake wakimcheka, na hakuna kilichotua juu yake isipokuwa kipepeo. Na hapa narudi kwenye ile hesabu ya buu mmoja kila siku tisa au kumi. Inzi wa jikoni akiingia nyumbani kwako peke yake, baada ya wiki chache una ukoo wa inzi. Ndorobo watatu wanne wakitoka garini, wengi wao madume, kwenye eneo la migomba na nyumba lisilo na ngiri wala nyati, ukoo hauanzi. Wanachoweza kufanya kabla hawajafa ni kuuma. Mmoja aliyebeba vimelea angetosha kumwambukiza ng'ombe mmoja. Na baada ya hapo, kama ni Trypanosoma vivax, wale Stomoxys 146 na mapange wangeweza kuihamisha kwa midomo yenye damu mbichi kutoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine, bila ndorobo kuwepo tena. Ndiyo maana sikumwambia mama kwamba gari halina neno. Nilimwambia gari halikumuua mtamba wake, kadiri ninavyoweza kujua, na bado gari lihame.

Viberiti vilifika baada ya siku kumi na mbili. Vitano, vyote vimeandikwa kwa kalamu ya wino, hati nzuri kuliko yangu: lango la Tarangire, tarehe, saa kumi na moja na nusu jioni. Inzi tisa, wakavu, miguu yote ipo. Nilichukua dakika ishirini kwa kazi ambayo kwa kopo la siagi ilinichukua siku mbili. Wanane walikuwa na ncha nyeusi kwenye miguu ya mbele na ya kati, wazi kama zilichorwa. Saba kati yao madume, na viungo vyao vikanipa jina bila kubembeleza: Glossina swynnertoni. Wa tisa alikuwa pallidipes, miguu ya mbele myeupe mpaka mwisho. Nilipoweka swynnertoni mkavu kando ya wale wawili wa kopo, mikanda ya tumbo ililingana, nami nikakubali.

Inzi huyo alipewa jina hilo na mtaalamu wa wadudu Austen mwaka 1923, kwa heshima ya Charles Swynnerton, aliyesimamia wanyamapori Tanganyika kuanzia 1919, kisha akaongoza utafiti wa ndorobo mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Nje ya Tanzania ya kaskazini na kipande kidogo cha Kenya mpakani, hapatikani popote duniani. Kijana wa gari alipolisikia hilo alifurahi kupita kiasi, na sasa nasikia anawaambia wageni kwamba wanaumwa na inzi adimu.

Mama nilimwandikia karatasi yake mwishoni. Alikuwa ametaka mstari mmoja, akapata kurasa mbili. Alizisoma zote mbili akiwa amesimama, akazikunja, akaniuliza kama kuna mahali nimeandika kwamba gari lihame. Nikamwonyesha. Akaweka alama ya kalamu pale, akaaga.

Kwenye droo yangu kuna kichupa kimoja kilichobaki cha kopo lile: kifua, tumbo na bawa moja lenye shoka, bila mguu hata mmoja. Nimemtazama mara tatu kwa nia njema kabisa. Lebo yake inasomeka: *Glossina* sp., jike, Tengeru, ndani au karibu na gari lililotoka Tarangire, tarehe ya kukamatwa haikuandikwa.